Sindano ya Saa Kumi

Hezron hakuwa na pikipiki ya kwake. Aliyoendesha ilikuwa ya ofisi ya mifugo. Hakuwa na buti zisizoingiza maji, hakuwa na kaka wala mdogo wa kiume, hakuwa na subira ya kukaa mezani mpaka chai ipoe, na hakuwa na mtoto wa pili. Mbegu za uzazi alikuwa nazo chache, na karibu zote hazikutembea. Habari za buti zilijulikana kijiji kizima cha Masukulu. Habari za mbegu zilijulikana na watu watatu: yeye mwenyewe, mkewe Winfrida, na daktari mmoja wa Dar es Salaam.

Kazi yake ilikuwa uhimilishaji wa ng'ombe, yaani kuwapandisha bila dume. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka vijiji vya Rungwe akiwa na mtungi wa naitrojeni nyuma ya pikipiki, na ndani ya mtungi mirija myembamba yenye mbegu za madume ambayo hayakuwahi kuiona Tukuyu. Mfugaji akipiga simu asubuhi kwamba ng'ombe wake analia na hataki majani, jioni Hezron alifika, akavaa glavu ndefu mpaka begani, akamaliza, akanawa, akakataa chai. Ndama waliopatikana kwa mkono wake walizidi elfu nne. Watu walimwita Baba Ndama, na jina hilo halikumchukiza.

Binti yake Gift alikuwa na miaka sita. Alipatikana kwa msaada wa kliniki moja huko Dar es Salaam, ambako daktari alitafuta kwa darubini mbegu moja iliyokuwa ikijikokota, akaichukua kwa sindano nyembamba kuliko unywele, akaiingiza katika yai la Winfrida. Kijijini walisema wamekwenda semina. Walilala kwa binamu yao Mbagala. Mwaka uliofuata binamu huyo alijifungua mapacha, na mchicha wa jirani yake ukaziba mlango wa choo, lakini hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo. Mwaka jana walikwenda tena, wakatibiwa tena, wakarudi mikono mitupu. Hezron alimwambia mama yake kwamba Winfrida ana tumbo la baridi. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, ana haraka, kofia ya pikipiki kichwani, na neno hilo likabaki pale mlangoni.

Mwaka huu daktari aliruhusu sindano zianzie nyumbani. Winfrida alikuwa mwalimu wa sayansi na ruhusa zake zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa sindano kumi, moja kila siku saa kumi jioni, za kuivisha mayai. Siku ya kumi na moja walitakiwa kuwa Dar wote wawili, mke atolewe mayai na mume atoe mbegu. Dawa zilihifadhiwa katika jokofu la kituo cha maziwa, kati ya chanjo za kuku na soda za karani.

Hezron hakuwa amesema kama atakwenda. Mara ya mwisho muuguzi mmoja kijana alimpa kikopo chenye jina lake, akamwonyesha chumba, akamwambia, "Usiwe na haraka, baba." Alikuwa hajamsamehe.

Siku ya kwanza Winfrida alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, akabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akachoma. Kabla hajatupa pamba, mtetea aliyekuwa karibu alitaga yai, akatembea hatua mbili, akataga la pili. Asubuhi yake mgomba uliokatwa mkungu wiki iliyopita ulikuwa umetoa mkungu mwingine, na mgomba hauzai mara mbili. Maharage yaliyopandwa Jumamosi yalikuwa na maua. Mbuzi aliyekauka tangu mwaka juzi alikuwa akidondosha maziwa. Winfrida alifagia uwanja, akamvalisha Gift sweta, akaenda shule. Hezron alianzia kwenye kigoda akahesabu hatua kila upande. Mambo hayo yalikwenda mpaka hatua mia moja na arobaini. Kuanzia hapo maharage yalikuwa maharage ya kawaida.

Agness, jirani yao na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alimfuata Winfrida shuleni kabla ya saa nne.

"Mama Gift, ugonile," alisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, dada."

"Jana saa kumi ulifanya nini?"

"Nilichoma sindano."

"Ya nini?"

"Ya kutafuta mtoto."

"Kumbe na watu wanapandishwa kama ng'ombe?"

"Siyo hivyo. Mayai yanatolewa, yanachanganywa na mbegu nje, halafu yanarudishwa."

"Na dume ni nani?"

"Hezron."

"Ahaa. Dume la nyumbani." Agness alicheka mpaka akashika nguzo. "Haya, kesho sindano yako ukaichomee kwangu. Nguruwe wangu amekaa tu kama mjumbe wa nyumba kumi."

Nguruwe alizaa siku ya tatu, watoto kumi na tisa, akiwa hajakutana na dume. Siku hiyo hiyo Agness alibandika ratiba kwenye mlango wa kituo cha maziwa. Zamu zote zilizobaki zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa, na watu wa Isongole, kule juu kwenye baridi, walikuwa wameomba mbili wakapewa moja.

Tangu hapo Winfrida hakuchoma sindano mahali pamoja mara mbili. Kengele ya mwisho ikilia alikuta bodaboda inamngojea getini, injini inawaka, kijaluba cha barafu chenye sindano kimefungwa mbele. Siku ya nne alikuwa katikati ya mashamba ya chai, na wachumaji walijaza vikapu, wakageuka nyuma, wakakuta vichaka walivyovichuma vimeshajaa tena. Siku ya tano alifika Isongole amelowa, baada ya saa nzima ya mashimo ya barabara. Walimpa kigoda katikati ya viazi. Alichoma. Viazi vikasukuma udongo pembeni, vikatokeza juu, mstari baada ya mstari.

"Ndaga fijo, mwalimu," alishukuru mwenye shamba. "Na wewe Mungu akupe."

"Asante."

"Keshokutwa huwezi kupita tena? Tuna njegere."

Walimpa ndoo ya viazi. Aliipakata njia nzima ya kurudi, juu ya tumbo lililoanza kujaa na kuuma.

Shuleni alishindwa kukaa. Alifundisha akitembea, alisahihisha madaftari akitembea. Akisimama kidogo karibu na dirisha, ua la mwalimu mkuu lilichipua kuelekea upande wake, kwa hiyo aliendelea kutembea.

Simu ya Hezron nayo ilinyamaza. Ng'ombe walishika mimba kwa kupitiwa tu na Winfrida, na mtungi wa naitrojeni ulikaa umejaa. Siku ya sita ilikuwa zamu ya nyumba za karibu na ofisi ya mifugo. Hezron alitoa darubini anayotumia kukagua mirija, akafunga mlango, akajipima mwenyewe. Mbegu zilikuwa chache kama zamani, na zilikuwa zimelala. Alisubiri. Saa kumi kamili Winfrida alichoma sindano upande wa pili wa ukuta, na Hezron akasikia watu wakishukuru. Alitazama tena kwenye darubini. Zilikuwa zimelala. Juu ya dirisha, kiota cha mbayuwayu kilichokuwa kitupu kilianza kupiga kelele za vifaranga. Alikiosha kioo alichowekea mbegu, akakikausha, akakirudisha kwenye kisanduku chake.

Jioni hiyo alikuja mama yake, Pudensiana, na kibuyu cha maziwa mgando. Alikaa, akapokea salamu za mkwewe, akaeleza lililomleta.

"Mwanamke akimwaga maziwa njiani, nyumbani anafika na kibuyu kitupu."

"Sijakuelewa, mama," alisema Winfrida.

"Umenielewa. Masukulu umewapa, Isongole umewapa, nguruwe wa Agness umempa. Mwanangu umempa nini?"

"Nimempa Gift."

"Gift ni mmoja. Tena wa kike, ataolewa ataondoka."

"Mama, kama tumbo langu ni la baridi, viazi vya watu vimeota kwa joto gani?"

"Ndiyo hilo ninalolisema, mwanangu. Joto lote unaligawa nje."

Hezron alikuwa uwanjani akifunga mtungi kwenye pikipiki. Alifunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Winfrida alimtazama kupitia mlangoni kwa muda mrefu. Hezron aliwasha pikipiki, akaenda mpaka Bulyaga, akageuza, akarudi. Hakuwa na safari. Kufikia kesho yake maneno ya Pudensiana yalikuwa yamefika kisimani, na watu waliyaona yana maana. Waliendelea kumpenda Winfrida, na waliendelea kumlaumu.

Siku ya saba ililetwa barua kutoka kwa Lugano, baba mdogo wa Hezron, aliyekuwa karani wa serikali huko Mbeya mpaka alipostaafu, na sasa ni katibu wa ukoo. Lugano aliamini kwamba mambo ya ukoo hayasemwi kwa simu. Aliandika kwamba Jumamosi kutakuwa na kikao kumhusu Hezron, mtoto pekee wa kiume wa Boazi. Kikao kinataka kujua, kwa maandishi yenye sahihi, ugonjwa uko upande gani. Ukiwa upande wa mke, atavumiliwa mpaka mwisho wa mwaka, kisha mume aongezewe mwingine. Ukiwa upande wa mume, migomba na chai ya Boazi vitafikiriwa kwa ajili ya watoto wa ndugu zake, ambao wamepata wana wa kiume. Barua ilimalizia kwa kuwatakia baraka.

Hezron aliisoma mara mbili, akamkabidhi mkewe, akatoka kwenda kutazama pikipiki.

Siku ya nane ilikuwa zamu ya mzee Boazi mwenyewe. Shamba lake peke yake lilikuwa halijaongeza kitu, kwa sababu ya mwiko. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni, hapiti njia alipo, hatamki jina lake. Winfrida alitoka Songea, hakukulia katika mwiko huo, lakini aliushika kuliko waliozaliwa nao. Kwa miaka kumi alikuwa ameona kofia ya mzee na kisogo chake tu. Agness akapata njia: Winfrida akae nje, mgongo wake kwenye ukuta wa mianzi wa banda la ng'ombe, na mzee awe ndani, uso wake kwa ng'ombe. Kwa kuwa hawakupaswa kusemezana, mzee alizungumza na ng'ombe.

"Mwambie aliye nje kwamba nashukuru amekuja."

Kulikuwa na kuku karibu na miguu ya Winfrida. "Mwambie aliye ndani asijali," alimwambia kuku.

"Wewe ng'ombe wangu," mzee aliendelea, "mwaka juzi ulipandishwa mara tatu, hukushika. Unakumbuka? Hezron hakusema una tumbo la baridi. Alitazama mrija kwenye darubini yake, akasema mbegu zimekufa, akaleta mtungi mwingine. Ukashika siku hiyo hiyo."

Winfrida alikuwa tayari ameshika sindano. Hakuchoma.

"Mimi sikusoma sana. Lakini nguruwe amezaa, viazi vimezaa, chai imezaa. Kila anapokaa huyu mtu panazaa. Sasa mwenye kosa amebaki nani?"

Ng'ombe alicheua.

"Kuku," alisema Winfrida, "muulize aliye ndani kama atayasema haya kwenye kikao cha Jumamosi."

Ilisikika sauti ya mkono ukimkuna ng'ombe shingoni.

"Ng'ombe," mzee alisema, "nina mtoto mmoja wa kiume. Na ardhi ndiyo hii. Mwambie aliye nje kwamba saa zinakwenda, na migomba iko mkono wake wa kushoto."

Winfrida alisogeza kigoda kidogo kuelekea kushoto, akachoma. Migomba yote ya mzee ikatoa mikungu, mingine miwili miwili, mpaka ikabidi iwekewe miti ya kuiegemeza. Mzee Boazi alituma mkungu mmoja nyumbani kwa mwanawe, ule mkubwa.

Siku ya tisa Winfrida alimwambia Agness kwamba zamu ya siku hiyo ni ya nyumbani kwake mwenyewe, na Agness akasema sawa, ila watu wa Masukulu juu watanuna. Gift alipelekwa kucheza na watoto wa nguruwe. Hezron alikuwa amesimama katikati ya sebule na funguo mkononi.

"Kaa," alisema Winfrida.

"Kuna ng'ombe mmoja huko..."

"Hakuna ng'ombe. Wote wana mimba. Kaa."

Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Keshokutwa natakiwa kutolewa mayai," alisema Winfrida. "Kliniki wamepiga simu kuuliza kama unakuja."

"Waambie nina kazi."

"Huna kazi, baba Gift."

"Kile kikopo mimi sikishiki tena. Nimeshawatilia mbegu ng'ombe wa wilaya nzima, halafu mtoto mdogo ananiambia nisiwe na haraka." Alisimama, akakaa. "Na Jumamosi nitawaandikia nini wazee? Nikiandika ukweli, shamba la baba linakwenda. Na watu wataniitaje? Baba Ndama?"

"Hujaandika chochote?"

"Nimeanza mara tano."

Winfrida alitazama saa. Ilikuwa saa kumi. Alijichoma pale pale mezani, akaweka sindano kwenye chupa. Meza ilikuwa ya mbao ya mti wa mlingoti, Hezron aliinunua Tukuyu mwaka waliooana. Miguu yake ilianza kutoa machipukizi, kwanza mekundu, halafu ya kijani, na upande mmoja ukainuka.

"Nitaandika mimi," alisema Winfrida. "Nitaandika kwamba ugonjwa ni wangu. Wewe utaweka sahihi chini. Na kesho utapanda basi na mimi."

Hezron alitazama chini. "Watakuongezea mwenzako mwisho wa mwaka."

"Mwisho wa mwaka nitakuwa na mimba."

"Na usipokuwa nayo?"

Winfrida alichana karatasi katikati ya daftari la maandalio ya somo, akajaribu kuandika, kalamu ikateleza kwa sababu meza haikuwa sawa. Hezron alichukua mkasi wa kukatia mirija, akapiga magoti, akakata machipukizi mguu baada ya mguu mpaka meza ikatulia.

Winfrida aliandika kwa mwandiko wa ubaoni, wazi na wima. "Kwa Katibu wa Ukoo. Shikamoo. Kuhusu swali lenu, ugonjwa ni wangu mimi. Mume wangu hana tatizo. Naendelea na matibabu. Ni mimi mkwe wenu, Winfrida."

Alimpa Hezron. Aliisoma akiwa bado amepiga magoti.

"Ongeza kwamba ni wa muda mrefu," alisema. "Baba mdogo anapenda maelezo kamili."

Winfrida alimtazama. Kisha akaongeza, juu ya mstari, kwamba ni wa muda mrefu. Hezron akaweka sahihi, ile aliyoizoea kwenye kadi za ng'ombe, yenye mkia mrefu.

"Sasa piga simu," alisema Winfrida. Barua ilikuwa chini ya kiganja chake.

Hezron alipiga. Aliomba viti viwili vya asubuhi, Tukuyu mpaka Dar, akataja majina yote mawili na kurudia la kwake mara mbili, maana mtu wa tiketi hakusikia. Sindano ya kumi ingechomewa ndani ya basi, na kwa hesabu ya Hezron saa kumi ingewakuta Ruaha Mbuyuni, kwenye mashamba ya vitunguu. Agness alikuwa amekwisha kumpigia simu shemeji yake wa huko.

Winfrida aliikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha ya kaki. Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu, kama bahasha zote za Rungwe. Alichovya kidole kwenye uji wa Gift uliobaki asubuhi, akapaka ukingoni, akabonyeza, akashikilia mpaka ikashika. Mguu wa meza ulikuwa umeanza kuchipua tena. Walitoka pamoja mpaka barabarani, wakasimamisha gari la kwenda Mbeya, Winfrida akampa konda bahasha na namba ya simu ya Lugano. Konda aliipachika kwenye kioo cha mbele, akagonga bati mara mbili, na gari likaondoka.